Saba ya Kopa Mgongoni: mchezo wa karata wa kuchekesha ukumbi mzima

Wengi wanaoanza mazingaombwe ya karata huona vichekesho kama achari: mbinu ndiyo wali, utani unawekwa pembeni ya sahani. Jukwaani mambo hayako hivyo. Mbinu utakayoisoma hapa ni nyepesi kiasi kwamba mtu makini, akiachiwa sekunde kumi za kimya, ataigundua. Kinachomnyima hizo sekunde kumi ni kicheko. Kwa hiyo kila mzaha una mahali pake, na ukiusogeza, mbinu inabaki uchi.

Ukumbi utaona hivi. Mgeni anapanda, anachanga karata kwa mikono yake, anakata, anaangalia moja na kuitia mfukoni. Wewe unajaribu kuibashiri kwa mabango makubwa. Bango la kwanza si lenyewe, la pili si lenyewe, la tatu limeandikwa SAMAHANI. Mgeni anaitaja karata yake kwa sauti: saba ya kopa. Umelowa jasho, unavua koti ulitundike kwenye kiti, na hapo ukumbi mzima unaiona saba ya kopa kubwa imeshonwa mgongoni mwako. Asiyejua ni wewe tu. Yote huchukua dakika sita hadi saba.

Vifaa

Jozi moja ya karata za kawaida, zile zenye upana wa milimita 63 na urefu wa 88. Acha jokeri mmoja ndani, mwingine mtoe. Jokeri huyo ana kazi ambayo unaomba isitokee. Jozi isiwe mpya kabisa kwa sababu karata zitateleza na kumwagika mgeni akizichanga, na isiwe ile iliyochezewa kijiweni mwaka mzima, kwa sababu hizo zinagandana. Ukiwa pwani, karata za karatasi huvimba kwa unyevu. Zihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko na uzitoe siku ya onyesho.

Kwa nini saba ya kopa? Ree na wafalme ni karata zinazoshukiwa haraka, mtu akiona ree anajua amepangiwa. Saba haina makuu. Kopa ni nyekundu, inasomeka mbali, na hata asiyecheza karata anaujua mchoro wa moyo. Watu hawaziiti aina za karata kwa majina yaleyale, wapo wanaosema kopa na wapo wanaosema moyo, kwa hiyo mgongoni chora, usiandike.

Karata ya mgongoni iwe ya kitambaa. Kata pamba nyeupe sentimita 25 kwa 35, uwiano uleule wa karata halisi. Chora mioyo saba kwa rangi ya vitambaa: safu mbili za mioyo mitatu mitatu, na mmoja katikati, kwenye nusu ya juu. Kila moyo uwe na upana wa sentimita 5 hivi. Tia namba 7 kubwa kwenye kona ya juu kushoto na nyingine kwenye kona ya chini kulia, iliyogeuzwa kichwa chini. Ishone kwenye shati la rangi nzito, au ibane kwa vikwasi sita: vinne kwenye kona, viwili katikati ya pande ndefu. Usitumie karatasi. Karatasi inalia kila ukipumua, na emsii akikupiga begani kukukaribisha, watu wa mstari wa mbele watasikia. Gundi ya pande mbili nayo haikai, jasho la mgongoni huibandua kabla hujafika nusu ya mchezo.

Koti liwe jeusi na lenye bitana. Bitana ina kazi mbili: inazuia taa zisipenyeze, na inafanya mikono iteleze wakati wa kuvua. Lijaribu ukiwa umesimama mbele ya taa kali, rafiki akiwa nyuma yako. Akiona hata kivuli cha mstatili mweupe, tafuta koti jingine. Fungua vifungo vya mikono ya shati kabla ya kupanda. Kifungo kikinasa kwenye mkono wa koti utabaki unahangaika kama mtoto anayevalishwa sweta, na hicho ni kicheko ambacho hukukipanga.

Mabango ni rahisi. Nunua karatasi moja ya manila ya ukubwa wa A1, ikate vipande vinne vya A3, tumia vitatu na kimoja kiwe akiba. La kwanza nne ya pao, safi, limechorwa kwa uangalifu. La pili mfalme wa shupaza, na huyu mchore vibaya kwa makusudi: jicho moja juu, taji limelala, ndevu kama za mbuzi. La tatu SAMAHANI, herufi za urefu wa sentimita 12. Yapange nyuma ya meza kwa mfuatano, migongo ikitazama ukumbi.

Unahitaji pia meza ya kufika kiunoni, kipande cha blanketi cha sentimita 40 kwa 60 cha kutandika juu yake (kwenye kioo au mbao iliyopakwa vanishi karata zinakimbia), kiti kimoja chenye mgongo, na stendi ya maiki. Stendi si anasa. Mikono yako yote miwili ina kazi.

Sasa panga. Itoe saba ya kopa kwenye jozi. Karata zote zilizobaki pamoja na jokeri zirudi ndani ya boksi. Saba ilale mezani kifudifudi, boksi juu yake.

Kumchagua mgeni

Usiulize “nani anajitolea?” Swali hilo huleta ama kimya, ama mlevi, ama kijana anayesukumwa na wenzake. Tangu unapoanza kuongea tazama safu ya pili na ya tatu, karibu na njia. Unamtafuta mtu anayecheka na jirani yake na ambaye hakwepi macho yako. Mwendee, mwombe kwa jina la heshima linalomfaa, dada, kaka, mama, mzee, na umwonyeshe ngazi kwa mkono bila kumshika. Akisema hapana, mshukuru na uende kwa mwingine palepale. Kwa baadhi ya watu karata ni kamari na kamari ni haramu, na mtu hana wajibu wa kukueleza hilo mbele ya watu mia mbili. Shughuli yenyewe ikiwa ya kidini, muulize mwenyeji mapema, au uache karata nyumbani.

Ukimpata mtu mzima kuliko wewe, shikamoo inatangulia, kwenye maiki, na usubiri marahaba yake. Ukumbi unalainika papo hapo. Ila kuanzia hapo utani wowote unaomgusa yeye umekufa. Na kwa kweli, awe mzee au kijana, katika mchezo huu anayechekwa ni wewe. Mgeni ndiye mwenye akili, wewe ndiye unayeshindwa. Kanuni hii ina faida ya kazi pia: mgeni anayejisikia salama hufuata maelekezo, aliyeaibishwa hulipiza kisasi kwa kuvuruga karata.

Weka alama ya utepe sakafuni, hatua moja kushoto kwako, aisimamie. Bila alama atageuka akutazame wewe, na ukumbi utabaki kuangalia kisogo chake. Maiki usimkabidhi. Sogeza stendi.

Kuchanga na kukata

Chukua boksi pamoja na saba iliyo chini yake, uviweke kwenye kiganja cha kushoto, uso wa karata ukigusa kiganja. Fungua boksi, toa jozi kwa mkono wa kulia, mpe mgeni: “Changa. Changa kama unadaiwa.” Muulize anafanya kazi gani. Atajibu chochote, mhasibu, dereva, fundi cherehani. Tazama mikono yake inavyochanga, nyamaza sekunde mbili, geukia ukumbi, sema: “Nimeelewa.” Inafanya kazi kwa kila jibu, kwa sababu ukumbi ndio unaojaza maana. Ukiongeza maelezo unaiua.

Watu wanapocheka, shika boksi kwa juu kwa mkono wa kulia: dole gumba kwenye upande mfupi ulio karibu nawe, vidole vya kati kwenye upande wa mbali, ncha zikiingia kidogo chini ya boksi zibane na karata. Boksi ni refu kuliko karata kwa milimita moja au mbili, kwa hiyo sukuma karata mpaka ilingane na upande wa dole gumba. Mwambie mgeni aiweke jozi mezani. Weka boksi juu ya jozi, kawaida tu, kwa sababu unataka mkono uwe huru kumpongeza: “Kazi nzuri, nipe mkono.” Mpeane mkono. Kisha ondoa boksi ulitie mfukoni. Saba imebaki juu ya jozi, na mbele ya mashahidi wote karata zimechangwa na mgeni mwenyewe.

Kosa la hapa ni moja: haraka. Boksi likiondolewa kwa kasi, saba hunyanyuka nalo au inakaa upande. Kabla ya onyesho ipinde saba kidogo sana, kingo zikitazama chini, isigande kwenye boksi. Ukiwa na watu waliokaa ghorofani au ubavuni kabisa mwa jukwaa, simama upande wao, mwili wako uwe ukuta.

Sasa sema: “Kata popote, fungu la juu liweke hapa.” Onyesha mahali kwa kidole. Akishaliweka, wewe mwenyewe, mara moja, chukua fungu lililobaki na uliweke juu ya lile alilolitoa, likiwa limekingama. “Tunaacha alama ulipokata.”

Tazama kilichotokea. Saba ilikuwa juu ya jozi, kwa hiyo sasa iko juu ya fungu la chini, chini kidogo tu ya hilo lililokingama. Sehemu ile haina uhusiano wowote na mahali alipokata. Ukilinyanyua fungu la juu sekunde hiyohiyo, mtu wa mstari wa mbele atajiuliza: “Mbona hiyo ndiyo iliyokuwa juu?” Unahitaji nusu dakika ya kumsahaulisha, na nusu dakika hiyo ndiyo moyo wa mchezo wote.

Ijaze kwa masharti. Acha karata mezani, sogea hatua moja mbali nazo, macho yako yasizitazame kabisa. Toa kikaratasi kilichokunjwa mfukoni, kifungue kwa uzito wa mganga anayempokea mteja, usome:

“Kabla hujaiona karata yako, kuna masharti. Sharti la kwanza: usinionyeshe. Sharti la pili: usiisahau. Sharti la tatu…” Geuza kikaratasi. Kipindue. Chungulia nyuma yake. “Sharti la tatu nimelisahau.”

Utani wa mganga una kazi nyingine. Huku kwetu bado wapo wanaoamini kiinimacho ni majini, na hofu haichekeshi. Ukiigiza mganga asiyejua masharti yake mwenyewe, kila mtu anaelewa kwamba hapa hakuna dawa. Vilevile wako walioliwa hela zao na wacheza karata tatu stendi, na wakiona karata tu mikono inakwenda kwenye pochi. Wale hukimbiza mikono. Wewe fanya kila kitu polepole, vidole vimeachana.

Baada ya masharti, nyanyua wewe fungu lililokingama, sukuma fungu la chini mbele ya mgeni: “Ulikata hapa. Chukua ya juu.” Usimwachie anyanyue mwenyewe. Nusu ya wageni watageuza fungu la juu waangalie karata iliyo chini yake, na hiyo si saba.

Mchezaji karata wa kweli ana tabia nyingine ya hatari: akikata, mkono wake wenyewe unarudishia fungu la chini juu, kama alivyozoea kijiweni. Ndiyo maana unalichukua fungu lile mara moja. Akikuwahi, saba imepotea katikati, na hapo ndipo jokeri anapolipa kodi yake. “Subiri, kuna jokeri humu, atatuharibia.” Geuza karata zikutazame, pitia, mtupe jokeri mezani, na katika kupitia huko kata jozi ili saba irudi juu. Mpe akate tena. Hakuna atakayeshuku, jokeri mwenyewe wamemwona.

Mgeuzie mgongo anapoangalia karata. Koti liko mwilini, hakuna hatari, tena ni vizuri ukumbi uwe umekwishauona mgongo wako mweusi mtupu. Mwambie aitie mfukoni, au aibane kifuani kama hana mfuko. Karata iliyo kwake inakukinga na mawili: aliyesahau atachungulia tena, na mjanja anayetaka kukudanganya mwishoni atalazimika kuitoa.

Kukosea

Tommy Cooper wa Uingereza, aliyezaliwa 1921 na kufariki 1984, alijenga jina lake lote juu ya viinimacho vilivyogoma, tarabushi nyekundu kichwani. Kukosea kwake kulichekesha kwa sababu uso wake uliamini kwamba safari hii kitafanikiwa. Hilo ndilo la kuiga. Ukitoa bango la kwanza huku unatabasamu kana kwamba unajua ni kosa, umeuza mchezo.

Bango la kwanza: kujiamini kabisa. Shika kichwa, tetemeka kidogo, litoe juu kwa mikono miwili na usimame kama unapigwa picha. Mgeni atasema hapana. Shusha bango polepole, ukilitazama kama limekusaliti. “Nimelamba garasa.” Bango la pili: haraka, bila mbwembwe, uso wa mtu anayetaka kumaliza deni. Mfalme mwenye ndevu za mbuzi anapata kicheko kabla mgeni hajajibu, kwa hiyo subiri kipungue ndipo umuulize. La tatu usiliangalie. Ligeuze ukumbini ukiwa unamtazama mgeni, wasome wao kwanza, kisha uinamishe kichwa.

Mawili hayatoshi, manne yanachosha.

Sasa: “Basi tuambie, ilikuwa karata gani?” Sogeza maiki. Akitaja, mwombe arudie ili wa nyuma wasikie. Usiliruke hili. Karata ya milimita 88 haionekani zaidi ya safu chache za mbele, na asiyejua kwamba ni saba ya kopa hatacheka ukigeuka.

Koti

Futa jasho kwa kiganja. Lalamikia joto, taa, mshahara. Vua koti ukiwa umeutazama ukumbi, mabega nyuma, mikono yote miwili ikitoka kwa pamoja. Kiti kiko nyuma yako hatua moja na nusu. Geuka, tundika koti, nyoosha mabega yake taratibu. Hapo utasikia.

Kosa kubwa kuliko yote ni kugeuka haraka kuona wanacheka nini. Baki unanyoosha koti mpaka kelele zifike juu, sekunde tatu au nne. Kisha geuka: “Mnacheka nini?” Watapiga kelele, “Mgongoni!” Geuka kuangalia nyuma yako, na mgongo unageuka nao. Zunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake, mara mbili, isizidi tatu. Mgeuzie mgongo mgeni, mwombe akuangalizie kuna nini. Mara nyingi ndiye atakayecheka kuliko wote, na kicheko chake kwenye maiki kina thamani kuliko mstari wowote uliouandika.

Mwambie atoe karata yake, aishike kando ya kitambaa. Simama mgongo ukiutazama ukumbi, hesabu tano kimoyomoyo, kwa sababu simu zote zimepanda juu na kila mtu anataka picha. Geuka, mtaje mgeni kwa jina, waombe makofi yake, mwonyeshe ngazi. Inama baada ya yeye kukaa.

Mazoezi yana mpangilio. Wiki ya kwanza, boksi na saba tu, mara hamsini kwa siku mbele ya kioo, mpaka karata ibaki pale bila wewe kuitazama. Wiki ya pili, masharti kwa saa ya simu: chini ya sekunde 25 hazitoshi, zaidi ya 40 mgeni anaanza kushikashika karata. Koti fanya mazoezi nalo ukiwa umeloa jasho, kwa kuwa ukiwa mkavu linavuka kirahisi na linakudanganya.

Kabla mgeni hajashuka, angalia mkono wake. Kwa makofi na furaha wengi huondoka na saba ya kopa, na kuwakimbilia ngazini kunaharibu ulichojenga. Waachie. Nunua jozi tatu au nne zenye mgongo wa aina moja, na saba za kopa za ziada zitie kwenye kopo, mbali na zile unazotumia, isije siku moja mgeni akachanga jozi yenye saba mbili za kopa na kuziona zote.